Mashine Iliyoshikwa Kama Yai

Nyumbani, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu Mama amesimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo mkononi, anahakikisha naanza na salamu. Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi tu na anasema ni vumbi. Kaka amenyoa ndevu akitaka kuonekana kijana, sasa anafanana na marehemu Babu. Paka wa jirani amezalia ndani ya jaketi moja la kuokolea, na Mama amekataa wahamishwe, kwa hiyo boti inaenda na upungufu wa jaketi moja. Shahada yangu bado iko ukutani, juu ya friji. Kila aingiaye jikoni kuomba maji ya baridi lazima aisome kwanza.

Mama ameondoka. Sasa naweza kusema.

Mashine inatoka gia. Ukiiweka mbele inaingia, inavuta vizuri mpaka katikati ya maji. Ukiongeza mafuta inalia ka-ka-ka-ka huko chini, inaruka, na boti inabaki inaelea huku mashine inanguruma bure kama mtu anayegombana na ukuta. Ukiirudisha kati na kuiingiza tena, inakubali, halafu inaruka tena. Juzi iliruka tukiwa na nesi wa zamu ya asubuhi na walimu wa shule ya ng'ambo. Mwalimu wa hesabu alimwangukia nesi mapajani, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Rivasi haina shida, ila unajua hatuitumii isipokuwa pale gatini.

Kinachoninyima usingizi ni ukaguzi wa boti za kuvusha, mwanzoni mwa Juni. Mkaguzi ni mpya. Anataka kila boti ijaze watu, ivuke, irudi kwa kasi, na isimame kwa rivasi kabla ya kugusa boya lililo mbele ya gati. Itakayoshindwa inanyang'anywa nafasi yake, na wapo wanaoisubiri nafasi yetu huku wakitusalimia kwa upole sana.

Kaka, ambaye ndiye anayeendesha tangu ulipoondoka, anasema mashine imekufa na tuiuze kwa Mzee Vyuma, yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama anasema mashine ya baba yake haitakatwa vipande yeye akiwa hai. Mimi sijasema kitu. Ila jioni, boti ikishafungwa, nashuka nakaa nayo. Natazama ule mkono wa gia kama mtu anayetazama mlango na hajui kama abishe.

Najua hupendi simu; ulisema simu inakufanya useme usichotaka. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, ambaye kila anapopakia huko kwenu hupita barabara ya ng'ambo.

Mpwa wako.


Bwenini, kiwandani, 16 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kikohozi cha asubuhi hakiitwi vumbi, kinaitwa ukaidi, na dawa yake ni kulala mchana. Mwambie kaka yako ndevu zikirudi nazo zirudishe akili. Mimi nipo. Tunakula, tunafanya kazi, mashine za huku zinaimba kwaya mchana na usiku. Zaidi ya hapo hakuna jipya.

Sasa tumwone mgonjwa. Usimpasue mtu tumbo kabla hujamtazama ulimi. Anza juu, ushuke.

Chomoa waya wa gia pale unapoishia kwenye mashine. Mashine iwe imezimwa, na plagi umezitoa, maana nakupenda wewe na vidole vyako. Sukuma gia kwa mkono palepale kwenye mashine, huku mtu anazungusha propela taratibu. Kama kwa mkono inafika mpaka mwisho, lakini ukirudisha waya haifiki, basi kosa ni la waya. Waya mzee hulegea kama kamba ya kuanikia nguo: juu unasukuma wote, chini inafika nusu. Gia iliyoingia nusu hutoka ikipata mzigo. Nimekuchorea hapo chini nati ya kuukazia. Ile alama ya X siyo nati, ni mahali kaka yako atakapotaka kupiga nyundo. Usimruhusu.

Kisha fungua bolti ndogo ya chini kabisa, oili idondokee kwenye kikombe cheupe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Pitisha sumaku. Ikiwa na vumbi linalong'aa, kuna chuma kinachokula chuma.

Na kwenye huo ukaguzi, nani atashika usukani?

Mjomba wako.


Nyumbani, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima, kikohozi cha Mama kimepona. Analala mchana na kukana kwamba analala. Paka wamefumbua macho.

Ulikuwa sahihi, halafu hukuwa. Waya ulikuwa umelegea kama ulivyosema. Nimeukaza kwa kufuata mchoro wako. (Kaka alikuja na nyundo. Nilimwonyesha ile X, akacheka mpaka akakaa chini.) Wiki nzima mashine ilikuwa kama bibi harusi. Mama aliimba akiosha vyombo. Mimi pia niliimba, moyoni, ambako huwa naimbia.

Jana ikaruka tena, katikati kabisa, boti imejaa. Hakuna aliyelalamika, Mjomba. Walitazama maji tu, kwa adabu, kama watu waliokaa na mgonjwa.

Oili ni safi, haina maji. Lakini sumaku imetoka na unga unaong'aa.

Kaka alimleta Mzee Vyuma. Aliigonga mashine kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Mama akamletea chai, akamtazama anavyokunywa, kisha akamwambia, "Chai hiyo ni ya wageni. Ukimaliza kikombe umekuwa mgeni, na mgeni hanunui kitu." Akamaliza kikombe. Akaondoka mikono mitupu. Lakini Kaka amesema mbele yetu sote kwamba hataiendesha kwenye ukaguzi. "Sitasimama mbele ya gati zima niaibishwe na chuma," amesema. Namwelewa. Aibu ya mbele za watu haioshwi na maji.

Umeuliza nani atashika usukani. Nadhani nimeshakujibu kwamba kikohozi cha Mama kimepona; la usukani niache nalo kwanza.

Je, nifungue huko chini? Niambie, na unichoree. Sijawahi kuona tumbo la mashine.

Mpwa wako.


Nyumbani, 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Lori la saruji limepita mara mbili bila barua yako. Dereva anasema aliiacha yangu mlangoni kwa mlinzi, na mlinzi alimwambia hujaonekana hapo siku kadhaa. Mama nimemwambia unafanya kazi za ziada. Sijui kama nimedanganya.

Mpwa wako.


Bwenini, 4 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani. Kazi ilibana. Mwandiko huu ni wa mwenzangu wa chumbani, fundi rangi, mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko tabia. (Nimeandika kama alivyosema. Fundi Rangi.) Mimi mzima. Ninakula vizuri. (Anakula changu. F.R.)

Fungua. Sikiliza vizuri nikueleze kwa maneno.

Mwaga oili yote. Toa propela. Fungua bolti zinazoshika sehemu ya chini, lakini kabla hujaivuta, tafuta pini inayounganisha fimbo ya gia ya juu na ya chini. Itoe kwanza, la sivyo utavutana nayo mpaka Krismasi. Sehemu ya chini ikishatoka, ilaze mezani juu ya gunia. Fungua kifuniko cha nyuma, vuta shafti ya propela pole pole, utaona gia mbili zinatazamana kama wakwe wasiosalimiana. Katikati yao kuna kipande cha chuma cha duara, kinene, kina meno pande zote mbili. Tunakiita klachi. Ndicho kinachoteleza kwenda mbele au nyuma na kuuma gia. Kimeshikwa na pini, na pini imezungushiwa springi nyembamba.

Tazama kona za meno yake. Zinapaswa kuwa kali, za pembe, kama kona za matofali. Zikiwa za mviringo, umepata mwizi wako: meno ya mviringo hayashiki, yanapanda na kuteleza, na ndiyo ile ka-ka-ka.

Sasa sikiliza jambo moja. Klachi za mashine za zamani, baadhi yake zinafanana pande zote mbili. Kama ya kwetu ni hivyo, igeuze. Upande wa rivasi haujafanya kazi sana maisha yake yote, uje mbele. Ule uliolika uende nyuma. Lakini ujue unachofanya: rivasi yako ndiyo itakuwa na meno mabovu.

Weka sili mpya, zile pete za mpira za kuzuia maji. Zile za zamani zitakudanganya kwamba bado nzima.

Mjomba wako.


Nyumbani, 15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie Fundi Rangi, mwambie tunamshukuru kwa mwandiko na chakula.

Nimefungua. Nilifanyia sebuleni, juu ya meza ya kulia, kwa sababu mvua haikukatika. Mama alihamisha kitambaa cha meza na kutandika magunia bila kuuliza neno, halafu akakaa kitini kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Ile pini ya fimbo niliitafuta mpaka nikalia kidogo. Ilikuwa imejificha nyuma ya kizibo cha mpira kilichopakwa rangi na mtu fulani zamani. (Siyo wewe, Mjomba, natumaini.)

Klachi nimeishika kwa mkono wangu. Upande wa mbele, kona zake zimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Upande wa rivasi ni mkali kiasi kwamba umenikwaruza. Na pande zote mbili zinafanana! Nilizipima kwa rula, kisha kwa karatasi, kisha nikafumba macho nikazipapasa. Zinafanana. Nilipiga kelele, paka wakakimbia, na hivyo jaketi la kuokolea tumelipata.

Nimeigeuza. Meno ya gia yenyewe nimeyasugua kwa jiwe la kunolea. Sili mpya, oili mpya. Ndani ya pipa la maji inaingia mbele na nyuma. Lakini pipa halina abiria.

Mjomba, kuna mambo mawili sielewi.

Kwanza, imelikaje? Hakuna mashine duniani iliyobembelezwa kama hii. Unakumbuka Mama alivyotufundisha: yai bichi juu ya boksi la gia, na wewe unasukuma mkono taratibu, taratibu, mpaka uingie. Yai likianguka, vyombo vya wiki nzima ni vyako kuosha. "Mashine ya Babu ishikwe kama yai." Mimi sikuwahi kuliangusha. Ndicho kitu pekee ambacho nilimshinda Kaka.

Pili, hukuchora. Wewe hujawahi kunieleza kitu bila kuchora. Uliponifundisha kufunga kamba za viatu ulichora. Barua nzima ya matumbo ya mashine, na hakuna hata mstari mmoja. Fundi Rangi anaweza kukuandikia. Mbona hukuchora?

Mpwa wako.


Bwenini, 25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka fundi rangi akaamka. (Kweli. F.R.) Yai!

Keti chini. Babu yako, kabla ya kubeba watu, alibeba mayai. Trei kwa trei, kutoka kwa wafugaji wa upande wenu kwenda soko la ng'ambo. Boti ikishtuka, mayai yanavunjika. Ndiyo maana aliingiza gia kwa kubembeleza, na ndiyo maana alituambia sote tufanye hivyo. Sheria ilikuwa ya mayai, haikuwa ya mashine! Wafugaji walipopata barabara, mayai yakaondoka, sheria ikabaki. Dada yangu akaitunza kama wosia. Mimi nilikuwa nasubiri ageuke, ndipo naiingiza inavyotakiwa.

Gia haibembelezwi. Ukiisukuma taratibu, meno hayaumani mara moja. Kona zinagongana kwanza, ka-ka-ka, kila siku zinalika kidogo. Punguza mafuta mpaka ingurume kwa chini kabisa, halafu sukuma mara moja, kwa nguvu, mpaka mwisho. Klak! Gia inajua ndiyo na hapana tu. Haijui labda.

Na wewe, mpwa wangu, ni mtu wa labda. Nimeshaelewa nani atashika usukani. Rivasi yako ina meno mabovu. Itashika, ila ukiingiza kwa nguvu. Ukisitasita, itaruka, na boya litakuwa lako.

Mwambie mama yako habari ya mayai. Mimi siwezi, niko mbali, na nina sababu ya kushukuru kwa hilo.

Mchoro utakuja.

Mjomba wako.


Nyumbani, 8 Juni

Mjomba! Shikamoo! Wote wazima, wazima kabisa, kaa chini usome!

Nilimwambia Mama habari ya mayai jikoni, akichambua mchele. Aliendelea kuchambua. Nikafikiri hakusikia. Kisha akasema, "Trei zilikuwa zinanuka majani makavu. Nilikuwa nazikalia nikiwa mdogo, Baba ananiita kuku wake." Akatupa jiwe moja dogo kando ya sinia. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikibeba mayai ambayo hayamo." Nilitaka kumkumbatia, lakini akanipa sinia nimalizie mchele.

Asubuhi ya ukaguzi akatoka amevaa, na mkoba. Nikamuuliza anaenda wapi. "Kwenye boti ya baba yangu," akasema. "Au na mimi nikaguliwe?" Akakaa mbele kabisa.

Boti ilijaa. Nesi alikuja, na mwalimu wa hesabu alikuja akakaa karibu naye bila kuangushwa na chochote. Kaka alisimama gatini na kamba mkononi, amenuna. Mkaguzi, mwanamume mwembamba mwenye viatu visivyopenda maji, akapanda, akahesabu majaketi, akakuta manyoya ya paka kwenye moja, akanitazama.

"Nahodha yuko wapi?"

Nikasema, "Ni mimi." Mjomba, hilo nalo lilikuwa gia. Nilihisi likiingia.

"Binti, umewahi kuendesha hiki?"

Mama akageuka kule mbele. "Muulize anachokijua, usimuulize umri wake. Ameifungua yote juu ya meza yangu ya kulia."

Nikapunguza mafuta. Nikasukuma mara moja. KLAK! Boti ikashtuka, watu wakasema "Ee!" na Mama akashika moyo kama aliyeona trei nzima ikianguka. Ikashika. Nikaongeza mafuta, nikaongeza tena, pale katikati inaporuka siku zote nikaongeza yote. Hakuna ka-ka-ka. Ilivuta kama inayokumbuka kitu. Mwalimu wa hesabu akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaendelea.

Kurudi ndiko kulikonitisha. Mkaguzi akasema, "Kasi zaidi." Gati likaja mbio. Boya jekundu, watu, Kaka. Nikashusha mafuta, mkono wangu ukaenda kwenye gia, na hapo, Mjomba, ukasimama. Nilifikiria yale meno yaliyolika, nikayaona kama nilivyoyaona mezani, kila kona. Mkono ukaanza kusukuma taratibu. Unajua kwa nini. Mkono wangu ulikuwa na yai.

Mama hakugeuka hata kutazama. Alipaza sauti tu kutoka mbele: "Livunje!"

KLAK!

Maji yalichemka nyuma yetu. Boti ikainama, ikakaa. Boya lilikuwa mbele yetu, linacheza kwenye mawimbi yetu wenyewe, halijaguswa. Halafu gati zima likalipuka. Wale wanaotusalimia kwa upole nao walipiga kelele, walijisahau. Kaka alirusha kamba, ikanipiga usoni, akaruka ndani kabla hatujafunga, akaning'ang'ania mpaka miwani yangu ikaanguka. "Umeniaibisha," ananiambia sikioni, "umeniaibisha vizuri sana!"

Mkaguzi alikuwa amelowa mpaka magotini. Akagonga muhuri. Kisha akauliza kwa nini yule mama alisema livunje, na livunje nini. Mama akamjibu, "Ni mambo ya nyumbani."

Nafasi ni yetu. Tumekula, tumecheka, na jioni Mama alikaanga mayai yote yaliyokuwamo ndani ya nyumba.

Sasa mimi nimesema langu. Sema lako. Mlinzi hakukuona siku kadhaa, Fundi Rangi anaandika, na hakuna mchoro. Sitauliza kama umeumia. Nauliza ni mkono gani.

Mpwa wako, nahodha.


Bwenini, 20 Juni

Mpwa wangu Nahodha,

Marahaba. Huu mwandiko mbaya ni wangu. Fundi rangi amelala, na leo simhitaji.

Ni wa kulia. Rola, lile gurudumu zito la kiwandani, ilichukua vidole vitatu mwezi wa nne. Kidonda kimepona. Sikutaka dada yangu aache kulala mchana.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu wa kushoto. Taratibu, taratibu, kalamu naishika kama itanivunjikia. Mistari ilitetemeka, nikachana karatasi nyingi. Barua yako ilipofika nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, nimewasomea bweni zima mpaka wapishi. Wote sasa wanasema livunje, hata wakifungua soda. Nikakamata kalamu, nikapiga mstari wa kwanza mara moja mpaka mwisho.

Mchoro ule niliokuahidi uko hapo chini. Hiyo ni boti, ingawa inafanana na kiatu. Huyo nyuma ni wewe. Huyo mbele ni dada yangu. Mkoba umetoka vizuri kuliko uso, usimwonyeshe.

Kiwandani nimeaga. Jumamosi asubuhi lori la saruji linanishusha ng'ambo, na vitu vyangu vyote vimeenea sandukuni. Mwambie mama yako habari ya mkono wewe mwenyewe, kabla sijafika. Sasa unajua kusema.

Nitakusubiri kwenye gati la ng'ambo, ukingoni kabisa, vidole vya miguu vikichungulia maji. Usije taratibu.

Mjomba wako.